Jibu Nililompa Sista Ludovika

Kasokola, siku ya kuamkia safari yako

Mwanangu Skola,

Barua ya adabu huanza kwa kuuliza hali na kueleza habari za nyumbani. Hali yako nimeiona asubuhi: miguu imevimba, uso umenuna, na umeondoka kwenda Nsemulwa kumuaga shangazi yako bila kumaliza uji. Habari za nyumbani unazijua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyefagia. Kwa hiyo salamu tuziache hapo.

Nimekaa kwenye kigoda mlangoni, jua bado liko juu ya paa la jiko. Naandika kwenye daftari la zamani la mdogo wako Petro, zile kurasa za nyuma ambazo hakuzimaliza, kwa penseli aliyoitafuna kama muwa. Tangu niolewe sijaandika kitu kirefu kuliko jina langu. Masista walitufundisha kusoma na kuandika wakati wa katekisimu, na nilikuwa hodari, uliza yeyote, lakini mkono huu umezoea jembe. Usiucheke mwandiko. Nimeshasimama mara tatu tangu nianze. Mara ya kwanza niliwafukuza kuku kwenye mahindi. Mara ya pili nilikwenda kuangalia moto ambao hata sijauwasha. Mara ya tatu nilisimama tu, nikakaa tena.

Sikuandikii habari za kufua wala za kula. Wifi yako Adela atakuwa nawe huko hospitali ya misheni, atakupikia, na mkono wake ni mzuri kuliko wangu, hilo umeshaniambia mwenyewe bila kuona haya. Mumeo Gaspari atawafikisha kwa treni ndipo arudi Kabungu kwenye shamba. Kila kitu kimepangwa. Hata hivyo tangu asubuhi siwezi kukaa mahali pamoja, na sababu yake iko ndani ya kapu lako.

Nilikuwa nakupangia kanga na vile vitambaa, nikagusa kitu kigumu chini kabisa. Kifurushi cha kaniki, kimefungwa kwa kamba ya mti. Sikukifungua. Nilikinusa tu, nikakaa chini sakafuni. Nilimwita Adela nikamuuliza ni nini. Akanijibu bila wasiwasi, kama mtu aliyeulizwa habari ya chumvi.

"Ni dawa ya bibi tu, mama. Bibi yetu wa Kabungu kaituma. Akishatoka mtoto wa kwanza tu, Skola anywe, wa pili asichelewe kutoka. Skola mwenyewe anajua."

"Na Sista je?"

"Sista ataambiwa ya nini? Skola kasema uchungu ukianza atanyamaza. Tutakuwa sisi wawili kwenye kile kijumba cha wajawazito. Sista akija, akute watoto wanalia tayari. Hataki kisu, mama. Nyie wenyewe mnajua alivyo mbishi."

Najua ulivyo mbishi, maana ubishi huo hukuuokota njiani. Sikumgombeza Adela. Nilimtuma kisimani ili nipate nafasi ya kuwa peke yangu.

Skola, ninalotaka kukuambia ni refu na linaumiza. Nitakueleza kama lilivyotokea, na ukiona nimeruka huku na huko, ujue nimekwenda tena kuwaangalia kuku.

Nianze na ile siku ya zahanati. Unakumbuka Sista Ludovika alivyokuja na lori la misheni, wanawake wote tukapanga mstari kwenye benchi. Alikulaza, akaweka sikio kwenye kile kipembe chake cha mti, akasikiliza upande huu, akahamia upande wa pili, akasikiliza tena. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, na kile Kifipa chake kikisikika ndani ya Kiswahili, "Wako wawili." Wanawake kwenye benchi wakafunika midomo. Wewe ulicheka kwa furaha. Mimi nilitazama nje.

Kwetu mapacha hawatajwi wakiwa tumboni. Umekua unasikia hivyo. Mwanamke anaweza kuwahisi, mkunga anaweza kuwashika, lakini hakuna anayesema neno, maana wanasema wakitajwa mapema, mmoja hugeuka akarudi alikotoka. Sista si wa kwetu, akawataja mbele za watu kama anataja magunia ya karanga. Kisha akaanza maswali. Alikuuliza wewe umri, chakula, homa. Ulimwambia unataka kuzaa mwenyewe, kwa nguvu zako, hutaki kupasuliwa. Nilidhani atakukaripia. Hakukukaripia.

"Na mimi nataka hivyohivyo," alisema. "Wa kwanza ametanguliza kichwa. Akikaa hivyo, utazaa mwenyewe. Utatembea, utachuchumaa, utashika kamba ukitaka, hakuna atakayekufunga kitandani. Ila huyu wa pili bado anazungukazunguka. Akishatoka mwenzake anapata nafasi kubwa, anaweza kulala kikingamo, amekatiza tumbo. Hapo mimi naweka mikono juu ya tumbo, namwelekeza taratibu, tunangoja uchungu urudi wenyewe. Hatumharakishi. Kisu kipo kabatini, na kikae hukohuko kama hakuna haja. Lakini niwepo."

Nilimsikiliza mwanamke yule neno kwa neno. Ndipo akanigeukia mimi.

"Mama, kwenu kuna mapacha? Wewe huyu ulimzaaje?"

Nilijibu, "Hapana, Sista. Hakuna mapacha. Huyu alizaliwa peke yake, bila shida yoyote."

Akaandika. Nikaona penseli yake inatembea kwenye karatasi, nami ningeweza kuishika nikasema ngoja. Sikuishika.

Na wewe ukadakia, unajivuna, "Mama yangu alinizaa hapahapa Kasokola, juu ya mkeka, asubuhi hadi jua la saa nne, hakuna hata aliyemgusa. Nami nitazaa hivyohivyo." Hayo ni maneno yangu. Nimekuwa nikiyasema tangu ukiwa mdogo, kila ulipouliza ulizaliwaje. Nilikuwa nayasema vizuri, na wewe ukayaamini, na sasa umeyafanya kuwa fimbo ya kutembelea.

Si kweli, mwanangu. Mlikuwa wawili.

Nimeandika. Penseli imetoboa karatasi, utaona hapo juu.

Ulikuwa msimu wa asali. Baba yako na wanaume wenzake walikuwa porini kwenye mizinga, na wakiondoka wanakaa wiki hata tatu. Unajua miiko ya nyumba ambayo mwanamume wake yuko kwenye nyuki. Hakuna ugomvi, hakuna kupiga kelele, na zaidi ya yote hakuna kilio. Mtu akilia nyumbani, nyuki huko porini wanageuka wakali. Nilikuwa nimebaki na bibi yako mzaa baba, Bibi Wande, na ndiye aliyekuwa mkunga wa upande huu wote. Asikudanganye mtu kuhusu yule mama. Mikono yake ilikuwa inajua. Watu wazima wengi unaowaamkia njiani aliwapokea yeye.

Mimi nilijua mko wawili. Nilikuwa nalala nasikia mmoja ananipiga mbavuni na mwingine, wakati huohuo, ananisukuma huku chini. Mtu mmoja hana miguu ya namna hiyo. Tumbo lilikuwa kubwa, lakini mimi ni mnene kwa asili, nalo lilijificha. Bibi Wande alinipapasa siku moja, akapapasa tena, akaniuliza akiwa ananitazama machoni, "Kuna kitu unahisi, mke wa mwanangu?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Yeye mwenyewe asingeweza kutaja, lakini mimi ningeweza kumwonyesha kwa mkono tu, hapa na hapa, bila kusema neno, naye angeelewa na asingekuwa amevunja mwiko. Wanawake wenye akili ndivyo walivyokuwa wakifanya. Mimi nilikuwa na miaka kama yako sasa, na nilikuwa na hofu kuliko akili. Nikaona hata kuonyesha kwa mkono ni kutaja. Nikaogopa mmoja atarudi kwa sababu yangu. Nikatikisa kichwa.

Nimekwenda kuteka maji ya kunywa, sasa nimerudi.

Wewe ulizaliwa vizuri. Hapo sikukudanganya. Nilichuchumaa nimeshika nguzo ya katikati ya nyumba, Bibi Wande nyuma yangu, na jua la saa nne ulikuwa umeshafika, unapiga kelele, mwekundu kama udongo wa kichuguu. Bibi alikata kitovu, akakufunga, akaniwekea kifuani. Nilifurahi, Skola. Nilifurahi kwa muda mrefu kidogo, tuseme muda wa kumenya viazi vya chakula cha mtu mmoja.

Halafu tukangoja kondo la nyuma. Halikutoka. Bibi Wande alingoja, akanikanda kiunoni, akangoja tena. Tumbo langu lilikuwa limelegea lakini bado lilikuwa kubwa, naye alikuwa amezoea wanawake wanene. Hofu ya kila mkunga ni kondo kukwama na damu kumwagika. Akainuka, akachukua mizizi yake, akachemsha. Ni dawa ya kweli ile, usidhani ni upuuzi. Inakamua tumbo kama unavyokamua nguo iliyolowa. Imeokoa wanawake wengi ambao kondo lao liligoma. Nilisikia harufu yake kabla kikombe hakijafika, na ni harufu hiyohiyo niliyoisikia leo kwenye kapu lako.

Nikashika kikombe. Nilijua ndani kuna mtu. Alikuwa amenipiga teke wakati nakushika wewe. Nilijua dawa ile ni ya kumalizia, si ya katikati. Ningesema, "Mama, ngoja, kuna mwingine." Mtoto wa kwanza alikuwa ameshatoka, hata mwiko wenyewe ulikuwa umekwisha nguvu! Lakini nilikuwa nimeshatikisa kichwa siku ile, nikaona aibu kuonekana mwongo mbele ya mama mkwe. Aibu hiyo tu, mwanangu. Nikanywa.

Tumbo likafunga kama ngumi. Doto hakupata nafasi ya kugeuka. Alikuwa amelala kikingamo, kama Sista alivyosema wanavyolala, na mkono wake ndio uliotangulia. Bibi Wande alipouona mkono ule, aliniita mara moja tu, "Binti." Alipigana. Alijipaka mafuta mpaka kwenye kiwiko, akanilaza, akaniinua, akanigeuza. Jua lilihama kutoka mlango wa mbele likaingia wa nyuma. Alipotoka alikuwa wa kiume, mzuri, na masikio ya baba yako yaliyosimama. Hakulia. Damu yangu ilimwagika mpaka Bibi akawa ananimwagia majivu miguuni na kuniita jina ili nisilale.

Nilitaka kupiga ukelele. Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja, na yeye mwenyewe machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. "Wanaume wako porini," akaninong'oneza. "Nyumbani halii mtu." Tulilia hivyo, midomo imefungwa, wewe ukitulilia sisi sote, maana mtoto mchanga hana mwiko.

Alimzika yeye mwenyewe, pembeni mwa nyumba, upande wa jiko. Unapajua. Ni pale ambapo nimekukataza maisha yako yote kumwaga maji ya moto. Ulidhani ni mambo ya ukuta kubomoka. Ngoma za mapacha hazikupigwa, dawa za mapacha hazikufanywa, hatukunyolewa, hatukuambia mtu. Baba yako aliporudi na asali yake, alikuta mke mgonjwa na mtoto mmoja wa kike, akafurahi, akakuimbia. Tukasema ni homa ya uzazi. Ukabatizwa Skolastika. Jina lako la kwetu ni Kulwa, na halijawahi kutamkwa na mtu mbele yako.

Ila mara moja siri ilitaka kutoka. Unakumbuka Bibi Wande alivyokuwa mgonjwa mwisho wa maisha yake, akimwita Petro "Shija, Shija, njoo unipe maji"? Nyie wawili mlicheka, na mimi nikawaambia bibi kazeeka, anachanganya majina. Hakuwa anachanganya. Anayezaliwa baada ya mapacha ndiye Shija. Yeye alikuwa amechoka kuficha, akaanza kusema kweli kidogokidogo, mimi nikamnyamazisha mbele ya watoto kama mtu aliyepungukiwa akili. Naomba anisamehe. Hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Baba yako alipopata kazi mgodini na kutaka tuhamie Nsemulwa, mimi nilikataa, nikasema napenda shamba. Mmekuwa mkinitania kwa hilo, mama na karanga zake. Sikuweza kumwacha mtoto pembeni mwa jiko na kuhama.

Sasa nadhani unaona kwa nini nilisimama upande wa Sista na Gaspari. Majirani wanasema ni mama wa namna gani huyu, uzazi wa kwanza wa binti yake anampeleka kwa watu baki, badala ya kumkalisha kwake kama desturi. Juzi uliniambia, "Mama unanifukuza." Nilikuwa nachambua mboga, sikuinua kichwa, ukaondoka ukilia. Sikukufukuza. Naogopa nyumba hii, naogopa nguzo ile, na zaidi naogopa mimi mwenyewe, kwamba siku yenyewe ikifika nitanyamaza tena.

Usinisikie vibaya kuhusu kuzaa mwenyewe. Zaa mwenyewe! Mwili wako ni mzuri, nyonga zako nimeziona tangu ukiwa mtoto. Siku ile, upande wako wewe, mambo yalikwenda kama maji mtoni, na ningependa uyaonje hayo. Chuchumaa, tembea, piga kelele, mtukane Gaspari, mimi nilimtukana baba yako na huku yuko porini. Lakini umeniambia unazaa kama mimi, na mimi nilizaa nikiwa nimefunga mdomo. Usiniige hapo. Ukisikia uchungu, mwite Sista. Ukisikia wa pili anazunguka, sema. Ukisikia chochote hata cha kipumbavu, sema, waache wakucheke.

Na kifurushi. Nilikishika mkononi karibu na mafiga. Nilitaka kukichoma na kukuambia kimepotea. Nikaona, huyu ni mama yuleyule, anafanya jambo kimyakimya kisha anadanganya. Nimekirudisha mahali pake chini ya kanga. Bibi wa Kabungu hakukutakia mabaya, na mizizi yake si sumu, ila muda wake si ule aliokuambia. Mwonyeshe Sista. Uamuzi ni wako, lakini sasa utaamua ukiwa unajua.

Nilipanga kukupa barua hii dirishani, treni ikishaanza kutembea, ili wewe usiweze kushuka na mimi nisiweze kuulizwa. Nilikuwa nimeshaona hata namna nitakavyopunga mkono. Kwa nini sikusema tangu mwanzo kwamba nitakwenda nawe? Nilisema karanga hazijachimbwa. Nilisema mgongo. Kweli yenyewe ni kwamba Sista Ludovika yuko kule, na ana tabia ya kuuliza.

Hapo nilikuwa nimefikiri barua imekwisha. Lakini baba yako amerudi kutoka mgodini, amekuta nimekaa mlangoni na daftari, jiko baridi, hakuna hata maji ya kunawa. Akauliza kama kuna msiba.

Nikamwambia, "Upo. Wa zamani."

Nilimweleza yote, Skola, palepale mlangoni, yeye amesimama na kofia mkononi. Nilimweleza vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi nyuma, nikataja kikombe kabla sijataja mtoto. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilitegemea anipige au aondoke. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Wa kiume?" Nikasema ndiyo. "Alifanana na nani?" Nikamwonyesha masikio yake. Akayashika, yote mawili, kama anayahakikisha.

Kisha akaenda upande wa jiko. Nilimwona akichutama pale ukutani, akaondoa kwa mkono majani makavu na ganda la yai. Alikaa huko mpaka kuku wakaanza kuingia ndani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Miaka yote hii nilidhani hunipendi," alisema. "Kila msimu wa asali ulikuwa unaninunia."

Nimemkosea na yeye, na hilo nitalishughulikia mimi na yeye, si lako.

Akavua viatu, akaniambia, "Karanga nitachimba mimi na Petro. Na nitamwambia Petro jina lake. Wewe funga mzigo."

"Sista ataniuliza," nikamwambia.

"Ndiyo. Na wewe utamjibu."

Nimefunga mzigo. Kanga mbili, sufuria ndogo, ule mkeka wangu, na chumvi, kwa sababu Adela hawezi kukumbuka chumvi. Mwandiko umezidi kuwa mbaya. Naogopa, mwanangu. Naogopa uso wako utakapokuwa unasoma. Naogopa utaniambia ulikuwa na haki ya kumlilia ndugu yako, na itakuwa kweli. Lakini naogopa zaidi kukaa hapa Kasokola nikisubiri treni ilete habari.

Nasikia sauti yako njiani, unamwambia mtu kwamba miguu imekufa na hutatembea tena mpaka stesheni. Sitaificha barua. Nitakupa kesho tukishapata viti, nami nitakaa mbele yako, sitakwenda dirishani, sitajifanya nalala. Soma mpaka mwisho. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, njia ni ndefu. Ukishindwa kusema, nishike mkono tu, uuweke tumboni kwako. Nionyeshe alipo wa kwanza, halafu nionyeshe alipo wa pili.

Tukifika, kabla hata hujavua viatu, nitamtafuta Sista Ludovika. Nitamwambia alete tena ile karatasi yake, kwa sababu ile nafasi aliyoandika hapana, anatakiwa aandike jina langu, na hili hapa ndilo jina.

Mimi mama yako,
Mama Kulwa na Doto